Nani Aliwaambia Uhasibu ni wa Walioshindwa na Fizikia?

Aprili 2025 Waziri wa Elimu wa Kenya, Julius Ogamba, alitangaza kwamba hisabati itabaki somo la lazima katika Sekondari Pevu, ila kwa ngazi mbili: hisabati kamili kwa wanafunzi wa mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na hisabati nyepesi zaidi kwa wenzao wa Sayansi za Jamii na wa Sanaa na Michezo. Wazazi na walimu waliokuwa wamelalamika waliposikia kwamba somo hilo lingekuwa la hiari walishusha pumzi. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 likaingia madarasani, na mjadala ukaishia hapo.

Haukustahili kuishia hapo. Masomo ya Biashara yamewekwa chini ya Sayansi za Jamii. Hata kama imeachwa milango ya kuvuka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, mtoto wa hapa Rongai, Nakuru, anayetaka kuwa mhasibu ameshaambiwa, akiwa na miaka 15 hivi, kwamba kazi anayoitamani ni ya upande wa hisabati nyepesi. Ujumbe huo ni mbaya, na ubaya wake hautokani na upungufu wa hesabu.

Wakati wa kuchagua mikondo, kauli moja ilikuwa imezagaa huku kwetu, kuanzia Kampi ya Moto hadi Salgaa: "Mwalimu, huyu hana kichwa cha sayansi, mwandikie biashara tu." Neno la kutazamwa hapo ni hilo "tu". Serikali yenyewe imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, na mzazi anayesikia hivyo haelewi kwamba kuna njia tatu zenye heshima sawa. Anaelewa kwamba kuna njia, na kuna mahali pa waliobaki. Uhasibu na usimamizi vimetupwa mahali pa waliobaki.

Watetezi wa uamuzi huu wana hoja, na ni haki itajwe. Wanasema mhasibu hahitaji kalkulasi. Ni kweli, asilimia, uwiano, riba na takwimu za kawaida zinamtosha katika kazi nyingi. Wanasema pia kwamba mwaka baada ya mwaka watahiniwa wengi wa KCSE huanguka hisabati, na kwamba hakuna faida ya kumtesa mtoto kwa somo asilolihitaji. Sawa. Wapinzani wao nao wanadai kwamba uhasibu ni namba, kwa hiyo mwanafunzi wa biashara apewe hisabati kamili. Nimezisikia pande zote mbili, na zote zina picha ileile kichwani: mhasibu ni mtu wa kujumlisha na kutoa, mkimya, asiyetoka ofisini, anayejaza safu alizoletewa. Wanachobishania ni ugumu wa hesabu atakazojumlisha. Hakuna anayeuliza kama picha yenyewe ni ya kweli.

Picha hiyo ina madhara kwa sababu inamfundisha mwanafunzi namna ya kusoma kabla mwalimu hajaingia darasani. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, Ference Marton na Roger Säljö, waliwapa wanafunzi maandishi ya kitaaluma wayasome, wakiwaambia wataulizwa maswali baadaye. Wako waliosoma wakitafuta mwandishi anadai nini na kwa sababu gani. Wako waliowinda maneno na tarakimu za kukumbuka, na hao hoja ikawapita. Tofauti haikuwa ya akili tu. Kila msomaji alisoma kulingana na alivyoielewa kazi iliyo mbele yake, na aina ya maswali aliyoyatarajia ilimvuta upande mmoja au mwingine.

Basi mchukue kijana aliyeambiwa kwamba uhasibu ni kujaza safu. Atausoma vipi? Atakariri muundo wa safu. Nenda kwenye vyuo vya jioni vya mjini Nakuru, ambako vijana wengi kutoka Rongai husomea mitihani ya uhasibu ya KASNEB, uangalie kinachobebwa mikononi. Ni mitihani ya miaka iliyopita iliyotolewa nakala, pamoja na majibu yake. Vitabu vya kiada ni vichache. Mwanafunzi anajua swali la tatu huja na ubia, la nne huja na taarifa ya mtiririko wa fedha, na anajua ni mstari upi hufuata mstari upi. Mbadilishie mpangilio wa taarifa kidogo, anapotea.

KASNEB, bodi ya mitihani iliyoundwa mwaka 1969, iliuona ugonjwa huu. Mwaka 2021 ilileta mitaala mipya yenye msisitizo wa umahiri, na miongoni mwa kozi zake ikaweka cheti kinachounganisha stadi za uhasibu na za usimamizi. Kuunganisha huko ni jambo jema, maana pande hizi mbili zimedharauliana kwa muda mrefu: wa uhasibu wanaona usimamizi ni porojo, wa usimamizi wanaona uhasibu ni adhabu. Ila mtaala mpya ukikutana na mwanafunzi mwenye picha ya zamani, picha hushinda. Atakutajia kanuni 14 za usimamizi za Henri Fayol bila kukosa hata moja, na hatajua kwamba Fayol alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya migodi Ufaransa aliyeandika mwaka 1916 juu ya mambo aliyoyaona kazini. Muulize ni ipi kati ya hizo 14 inavunjwa pale dereva wa lori la maziwa anapopokea amri za mwenyekiti wa ushirika na za meneja kwa wakati mmoja. Atanyamaza, na jibu lilikuwa la nne katika orodha aliyomaliza kuitaja.

Tuje sasa kwenye hesabu zenyewe, tena hesabu za hapa. Kenya ilianza kufuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwaka 1999. Kimojawapo, kiwango cha 41 kinachohusu kilimo, kilianza kutumika duniani mwaka 2003. Kinasema mnyama wa shamba athaminiwe kwa bei ya haki ya sokoni, ukitoa gharama za kumuuza. Kila mwanafunzi wa ngazi ya juu anaweza kukuandikia sentensi hiyo usiku wa manane. Sasa mpe ng'ombe wa gredi aliye Rongai, ana mimba ya pili, alitibiwa ndigana miezi mitatu iliyopita, na tarehe ni 31 Desemba. Bei ya haki ni ipi? Ya mnada ambako wanunuzi wengi wanatafuta nyama? Ya jirani anayejua rekodi yake ya maziwa na yuko tayari kulipa zaidi? Ya Desemba, wakati wazazi wanauza mifugo ili wapate karo ya Januari na bei inashuka kwa wingi wa wauzaji? Ndigana ile inapunguza thamani, au kupona kwake kunaiongeza?

Hesabu iliyomo humo ni kutoa mara moja. Mtoto wa Gredi ya 4 anaiweza. Kazi yote iliyobaki ni kuuliza, kupima ushahidi, kumjua mwenye maslahi ya kupandisha bei na mwenye maslahi ya kuishusha, kisha kuchagua na kuandika sababu za kuchagua. Ukikosea hapo, taarifa nzima ya shamba imekosea, hata kama kila jumla iko sawasawa hadi senti ya mwisho.

Au tazama mkonge wa mashamba ya upande wa Mogotio. Mmea mmoja hukatwa majani kwa miaka kadhaa, kisha hutoa mlingoti na kufa. Tangu 2016 mimea ya namna hiyo, inayozaa kwa zaidi ya kipindi kimoja, huhesabiwa kama mtambo au jengo: inachakaa vitabuni mwaka hadi mwaka. Majani yanayoota juu yake yamebaki chini ya kiwango cha kilimo. Shamba moja, mmea mmoja, sheria mbili. Aliyekariri ataona hapo usumbufu wa bure. Aliyeelewa ataona kwamba waliotunga kanuni walijiuliza mkonge ni kitu gani hasa kwa mwenye shamba, kitu cha kuuza au chombo cha kuzalishia, na kwamba jibu linabadilisha faida itakayotangazwa. Maswali ya namna hii ni magumu kuliko mengi yanayoulizwa kwenye fizikia ya sekondari, na hayana jibu nyuma ya kitabu. Nani basi alithubutu kuyaita ya walioshindwa?

Hapa uvumilivu wangu unafika mwisho, kwa sababu gharama ya picha hii tumekwisha kuilipa. Mwaka 2016 Chase Bank ilitoa taarifa mbili za mwaka uleule wa fedha, na ya pili ikaonyesha mikopo ya watu wa ndani ikiwa mikubwa kuliko ilivyosemwa kwanza. Wateja walikimbilia akiba zao, na Aprili 7 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu. Kilichobadilika kati ya taarifa mbili ni majibu ya swali moja: mkopo huu ni wa nani na uitwe nini? Kisha likaja sakata la KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo (Sacco). Uchunguzi uliowekwa hadharani mwaka 2025 ulitaja hasara ya takriban shilingi bilioni 13.3, faida zilizoonyeshwa mahali palipokuwa na hasara, na hesabu zilizopitishwa kwa sahihi ya mkaguzi aliyekuwa ameshafariki. Fedha hizo ni akiba za Sacco, na Sacco ni walimu, manesi, wakulima wa mahindi na wa maziwa.

Vitabu vya namna hiyo haviandikwi na wezi peke yao. Vinapita mikononi mwa makarani, wahasibu wadogo, mameneja wa matawi, wajumbe wa kamati. Mwizi anahitaji watu wengi wa kawaida wanaoamini kwamba kazi yao ni kupanga mistari ipasavyo, na kwamba kuuliza mstari umetoka wapi ni kiherehere. Watu hao wanatengenezwa darasani. Tunawatengeneza kila tunapompa alama kamili mwanafunzi aliyepanga safu vizuri bila kumdai neno moja juu ya ukweli wa kilichomo.

Naambiwa kijana anayelipa ada ya mtihani kwa pesa za bodaboda hana muda wa falsafa. Anataka kufaulu, na mitihani ya zamani ndiyo njia ya mkato. Simlaumu. Anafanya hesabu ya haki kwa mtihani uliopo. Lawama ni ya anayetunga mtihani unaofaulika hivyo, na ya anayefundisha kwa kuufuata mtihani huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikwisha kuyakunja masomo ya uhasibu, biashara na uchumi kuwa somo moja la sekondari, na nafasi ya uhasibu darasani ikapungua. Sekondari Pevu ilikuwa fursa ya kurudisha uzito wake. Bado inaweza kuwa, bila kusubiri tangazo lingine kutoka Nairobi. Vyama vya ushirika vinatakiwa kisheria kuwasomea wanachama hesabu zilizokaguliwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Mwalimu wa Biashara wa Gredi ya 10 hapa Rongai anaweza kuomba nakala kwa ushirika wa maziwa ulio karibu na shule, akaileta darasani ilivyo, na kuuliza: ni mistari ipi mitatu hungekubali kuitia sahihi kabla ya kuona ushahidi, ni ushahidi gani ungeudai, na ungeudai kwa nani? Jibu lisahihishwe kwa ubora wa sababu. Jumla ziwe zimeshafanywa, zimeandikwa hapo hapo kwenye karatasi ya swali. Vyuo vya Nakuru navyo, pamoja na vyuo vikuu vya Kabarak na Egerton vinavyofundisha biashara hapa jirani, viwe tayari kupokea wanafunzi waliozoea swali la namna hiyo, na kuwapa gumu zaidi.