Kona ya Walimu: Tufe la chuma kutoka ardhini

Mwezi huu swali limetoka mbali. Ndugu wa familia moja ya hapa, aliyehamia Marekani jimbo la Virginia, ametuma picha. Jirani yake alikuwa anapita shambani na kile kifaa kinacholia kikikaribia chuma, akachimba, akatoa tufe lenye kutu, kubwa kama balungi. Anatuuliza: hiki ni kitu gani?

Kwa Virginia mtu huwaza mzinga kwanza, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipiganwa sana pale. Lakini mara nyingi tufe kama hilo si la vita kabisa. Ni la kinu cha kusagia mawe, kama zile gololi zinazozunguka ndani ya karasha za dhahabu kule Geita.

Wajuzi hupima upana, halafu uzito. Tufe la mzinga lilipaswa kupita kwenye mtutu bila kukwama wala kulegea mno, kwa hiyo vipimo vyake vinajulikana. La mzinga wa ratili 12 lilikuwa na upana wa sentimita 11.5 hivi, na kama ni chuma kitupu mpaka ndani, kilo 5 na nusu. Gololi ya kinu haifuati vipimo hivyo, tena huliwa upande mmoja ikabaki na bapa.

Sasa sikilizeni. Matufe mengine yalikuwa na uwazi ndani, yakajazwa baruti. La upana uleule lina kilo 4 hivi. Basi mtu atasema: jepesi ni bomu, zito ni salama. Hapana! Kulikuwa na aina ya tatu, yenye baruti pamoja na vigololi vya risasi, na uzito wake unakaribia ule wa chuma kitupu. Na tundu la kiwashio huzibwa na kutu usilione.

Mwaka 2008, Virginia hiyo hiyo, mkusanyaji wa vitu vya vita ile, mzoefu aliyeshasafisha mengi, aliuawa nyumbani kwake na tufe la miaka zaidi ya 140 alilokuwa analishughulikia. Kipande kiliruka kama mita 400, kikaangukia baraza la watu wengine.

Kwa hiyo tumemjibu ndugu yetu: jirani asilisugue, asilitoboe, aite polisi. Picha peke yake haitoshi.

Na sisi hapa? Wengi tumetoka sehemu ambazo guruneti zilibaki vichakani, na guruneti yenye kutu na udongo inafanana na chuma chochote. Watoto wetu wanaokota skrepa wauze wapate daftari au sabuni, tunawaona kila siku. Mtoto asipime kitu. Asiguse, asirushie jiwe, arudi kwa njia aliyokuja nayo na aite mtu mzima, naye akamwambie kiongozi wa zoni au polisi.

Na ninyi mnaonunua skrepa kwa kilo: mtoto akileta kitu cha mviringo msichokijua, msimwambie akirudishe alikokitoa. Akiweke chini taratibu palepale, sogezeni watu mbali, iteni polisi.