Groini zilizozama: dawa ya mto haitoshi Mvita

Wadau, leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumzie maji. Kila mmomonyoko wa pwani unapotajwa hapa Mombasa, hakosi mtu wa kuuliza: kwa nini tusijenge groini zilizozama, kama wafanyavyo wenzetu mitoni? Swali zuri. Jibu langu: tuzifikirie, lakini mtu asinakili mchoro wa mto akaja kuubandika Mvita.

Kwanza tuelewane. Groini ni ukuta mfupi wa mawe unaotoka ukingoni kuingia majini. Ile iliyozama, mgongo wake uko chini ya uso wa maji, kwa hiyo maji hupita juu yake. Karibu na ukingo maji hupungua kasi, mchanga na tope hutua kati ya groini moja na nyingine, na mkondo wenye nguvu husukumwa katikati. Nchani maji yanayozunguka huchimba shimo, ndiyo maana ncha huhitaji mawe makubwa.

Sasa utamu uko hapa. Maji yakipita juu ya groini hujipinda, yakatoka yakiwa yameukabili mgongo wake kwa pembe mraba. Kwa hiyo groini iliyoinamia kule maji yanakotoka huyatupa mbali na ukingo. Iliyoinamia yanakokwenda huyarudisha ukingoni, yakaula.

Mtoni hesabu hiyo ni rahisi, maana mto hauendi kinyumenyume. Lakini Mji wa Kale umekaa kwenye mlango wa hori ya Tudor, ambako maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Groini inayolinda ukingo maji yakipwa, yakijaa inaweza kuuharibu. Sisi waandika programu tunaijua hali hiyo: programu iliyojaribiwa kwa upande mmoja tu haijajaribiwa.

Kuna na kimo. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3. Groini ile ile saa nyingine iko nje kabisa, saa nyingine imefunikwa mno hata haina nguvu, na hapo ndipo mawimbi yanapofika juu na kupiga kuta.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Bahari ilipozidi kuula mwamba huo, ukajengwa ukuta wa bahari sambamba na ufuo. Kwangu mimi uamuzi huo una mantiki kuliko groini, kwa sababu ukuta hauulizi maji yanatoka wapi. Ila ukuta hulinda kilicho nyuma yake tu. Unapokoma, mawimbi huendelea na kazi, na jirani huenda akaumia zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tunao tayari, tuchunge ufa usianzie pale unapoishia. Kabla ya jiwe jingine kutupwa, mkondo upimwe maji yakijaa na yakipwa, wakati wa bamvua na wa maji mafu, na takwimu ziwekwe wazi kila mtu azisome. Wavuvi nao waulizwe, maana wanajua maji yanazungukia wapi.

Mwaonaje wadau? Nawasilisha.