Maharagwe, Stima na Chungu Kisichochemka

Najua nimenyamaza karibu mwezi mzima, na wengine wenu mmeniuliza kama nimechoka kuandika. Sijachoka. Kazi zilizidi, halafu kukawa na usiku mmoja ambao mimi na mama watoto tulikesha tukipokezana choo. Usiku huo ndio umenipa mada ya leo.

Kwa hivyo leo hakuna hifadhidata wala lugha za programu. Leo ni maharagwe. Vumilieni, teknolojia imo ndani, maana hiki ni kisa cha kifaa na cha mtu aliyesoma sayansi ya tarakilishi miaka minne kisha akaona uvivu kusoma kijitabu cha maelezo.

Nyumbani kwetu ni Ruiru, kazi yangu iko Westlands. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, na barabara ya Thika ikiamua kunikasirikia, nafika saa mbili usiku. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake hubadilika kila juma. Tuna mtoto wa miaka mitatu ambaye hajui neno "subiri". Kwa miezi mingi chakula chetu cha jioni kilikuwa chipsi, mkate na mayai, au ugali wa haraka na sukuma wiki. Maharagwe, githeri na mifupa, vyakula tulivyolelewa navyo, vilikuwa vya Jumapili tu kwa sababu vinataka saa tatu jikoni.

Basi nikafanya anachofanya mtu wa kompyuta akipata shida ya nyumbani: nikatafuta kifaa. Nikanunua chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile kinachouzwa madukani kwa jina la slow cooker. Ndani kina chungu kizito cha kauri, kandokando kina waya za joto, na nje kina kitufe chenye alama tatu: joto la chini, joto la juu, na kuweka vuguvugu. Unatia kila kitu asubuhi, unaenda kazini, unarudi chakula kiko tayari. Mtu wa programu akisikia hivyo humwambii tena kitu. Hiyo ni kazi inayojiendesha yenyewe nyuma ya pazia.

Siku ya tatu nikatia maharagwe mekundu. Niliyaosha, nikatia maji, kitunguu na nyanya, nikaweka joto la chini, nikaenda zangu. Sikuyaloweka, sikuyachemsha. Jioni yalikuwa yameiva nusu, mengine magumu kidogo katikati, lakini tulikuwa na njaa. Mtoto alikuwa ameshakula uji na kulala, na hilo nashukuru mpaka leo. Saa mbili baadaye mke wangu akaanza kutapika. Mimi nikafuata. Kufikia alfajiri tulikuwa tumetulia, lakini alikwenda zamu akiwa hana nguvu hata ya kuinua mkoba.

Nilipompigia mama simu kumweleza, alicheka kwanza, kisha akauliza swali moja: "Uliyachemsha?" Nikasema kifaa kinapika chenyewe. Akanijibu, "Mwanangu, maharagwe huchemshwa. Hayo mengine ni kuyaosha kwa maji ya moto."

Mama hakusoma kemia, lakini alikuwa sahihi. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana protini iitwayo fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu, na dalili huanza kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula, kama zilivyotuanza sisi. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko wa kweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hushauri uyaloweke kwa saa tano au zaidi, umwage maji hayo, kisha uyachemshe katika maji mapya kwa dakika 30.

Hapa ndipo hitilafu ilipo. Vipimo vimeonyesha kwamba chakula ndani ya vyungu hivi mara nyingi hufika nyuzi 75 tu, au chini ya hapo. Na maharagwe yakipashwa moto hadi nyuzi 80 bila kuchemka, sumu yake yaweza kupanda hata mara tano kuliko yakiwa mabichi kabisa. Yaani nilichukua kitu kibaya nikakiongezea ubaya kwa saa nane, kwa stima niliyoilipia mwenyewe.

Na kuna jambo lingine ambalo mapishi ya Wamarekani hayalitaji. Nairobi na viunga vyake viko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagwe ya Mombasa huiva mapema kuliko ya Limuru. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya jiji la pwani ya Marekani ni programu iliyoandikwa kwa mashine nyingine. Huwezi kuinakili tu na kutarajia ifanye kazi.

Nilipopona nikaanza kusoma historia ya chungu hiki, na hapo ndipo maoni yangu yalipogeuka. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepewa hataza mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa Lithuania walivyopika chakula cha Sabato. Ijumaa jioni walipeleka vyungu vya maharagwe, nyama na nafaka kwenye tanuri ya mwoka mikate. Moto ulikuwa umekwisha, lakini joto lililobaki lilipika usiku kucha. Kampuni ya Rival iliinunua biashara ya Naxon mwaka 1970, na mwaka 1971 ikakiuza kifaa hicho kwa jina la Crock-Pot. Marekani ikakipenda, kwa sababu akina mama wengi walikuwa wakienda kazini.

Tazama asili yake basi. Chungu hiki kilizaliwa kuiga joto linalobaki. Nani hapa hajaona bibi akiacha sufuria ya githeri juu ya majivu ya mafiga usiku, ikakutwa asubuhi imelainika? Na vikundi vya akina mama katika sehemu nyingi za Kenya vimekuwa vikishona kikapu cha kupikia bila moto kwa miaka mingi: kapu kubwa, ndani limejazwa sponji au nguo kuukuu, limefunikwa kwa kitambaa na mto mnene juu. Unachemsha sufuria, unaitia kapuni ikiwa bado inatokota, unafunika. Ndiyo tanuri ya yule mwoka mikate, bila tanuri.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: familia yenye shughuli nyingi hapa Kenya haihitaji chungu cha umeme cha kupika polepole. Inahitaji wazo lililo ndani yake, na tunalo tayari kwa namna zilizo bora zaidi. Sababu zangu ni tatu.

Kwanza, stima. Chungu changu cha wati 180 kwa saa nane hula karibu uniti moja na nusu. Tuseme uniti ni shilingi 30 ili hesabu iwe nyepesi: hiyo ni kama shilingi 43 kwa sufuria moja. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 inaonekana mlafi, lakini huvuta umeme kwa dakika 25 hivi tu, kisha hukaa na joto lake kwa sababu imefungwa na kukingwa. Hiyo ni uniti 0.4, shilingi 12. Nayo hupita nyuzi 110 kwa nguvu ya mvuke, hivyo hata urefu wa Limuru hauisumbui. Kikapu hakili chochote baada ya mchemko wa kwanza.

Pili, stima kupotea. Mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipokuwa gizani? Fikiria chungu kilichoachwa nyumbani peke yake. Stima inaondoka saa nne asubuhi, inarudi saa tisa. Ukifika jioni, chungu kina joto, chakula kinanukia vizuri. Hutajua kwamba nyama ilikaa vuguvugu saa nyingi, bakteria wakijizalia watakavyo. Programu ikianguka huacha kumbukumbu ya makosa. Chungu hiki hakiachi chochote. Kikapu nacho hakijui hata kama stima imepotea.

Tatu, kikapu kinakulazimisha kufuata utaratibu sahihi. Bila kuchemsha kwanza, hakuna kinachoiva, na utaliona kosa mara moja. Chungu cha umeme kinakuruhusu kukosea, halafu kinakuletea kosa mezani likiwa na harufu nzuri. Mwandishi yeyote wa programu atakwambia ni hitilafu gani kati ya hizo mbili anayoiogopa.

Sisemi chungu hicho hakina faida. Kwa nyama ngumu au mifupa, mahali stima haikatiki na pana mtu nyumbani wa kukiangalia, kinafanya kazi yake vizuri. Ndugu zetu walio Marekani na Ulaya wanakitumia kila siku. Ila hata wao wachemshe maharagwe kwanza.

Nisije nikaitwa mlalamishi asiye na suluhisho, hivi ndivyo tunavyopika siku hizi.

1. Githeri. Usiku loweka vikombe viwili vya maharagwe, na mahindi makavu vikombe viwili kando. Saa kumi na moja alfajiri mwaga maji, tia mapya, uchemshe vyote kwa nguvu dakika 30 hadi 40 huku ukijiandaa. Sufuria iwe imejaa, maana sufuria nusu hupoa haraka. Itie kapuni ikitokota na usiifungue. Jioni ichemshe tena mpaka itokote vizuri. Mahindi makaidi yaongeze dakika chache. Kisha kaanga kitunguu, nyanya na dania, uchanganye.

2. Maharagwe ya nazi. Haya ni ya presha kuka. Maharagwe yaliyolowekwa na kumwagwa maji, dakika 25 hivi chini ya presha, acha mvuke utoke wenyewe. Ongeza tui zito, kitunguu na chumvi, yatokote kifuniko kikiwa wazi. Saa moja kwa jumla, na hakuna aliyesimama jikoni.

3. Supu ya mifupa na viazi. Chemsha mifupa, tangawizi na vitunguu dakika 40, tia kapuni kwa saa tatu au nne. Hii ni ya Jumamosi, ukiwa nyumbani. Nyama usiiache kapuni kutwa nzima. Kabla ya kula, rudisha motoni pamoja na viazi mpaka viive.

Kanuni ni moja kwa vyote: chakula kikishuka kikawa vuguvugu tu, usikile kabla hakijachemka tena. Na kikishinda vuguvugu kwa saa nyingi, kimwage.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni gumu kuliko maharagwe. Nilinunua kile chungu nikiamini nitampunguzia mke wangu kazi. Ukweli ni kwamba kabla ya hapo sikuwa nikipika. Yeye alitoka zamu ya saa kumi na mbili, akaanza kukata vitunguu, mimi nikiwa kwenye kiti na tarakilishi. Hakuna kifaa kinachoosha maharagwe, kinachokata vitunguu, wala kinachokumbuka usiku kwamba kesho ni githeri. Hiyo kumbukumbu ndiyo kazi yenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa akiibeba peke yake. Nilipotaka kuikabidhi mashine, mashine ikatulisha sumu, kwa sababu haikuwa na ile habari moja ambayo mke wangu na mama yangu wanaijua na mimi sikuwahi kuuliza.

Sasa kuloweka ni kazi yangu. Nimeweka kengele kwenye simu, saa tatu usiku, Jumatatu na Alhamisi. Ni programu rahisi kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo pekee ambayo mama watoto amewahi kuisifu.

Kile chungu bado kipo. Tunakitumia kuweka uji vuguvugu asubuhi wageni wakija. Kama una kikapu, au una njia yako ya kulainisha mahindi makavu bila kukesha, nieleze. Mimi bado mwanafunzi.

Haya, tuonane tena hivi karibuni. Na leo usiku, lowekeni maharagwe.