Wagonjwa wa mionzi waelezwe mapema

Naomba nafasi katika safu hii nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowafanya baadhi ya wagonjwa wa kansa wakimbie hospitali kabla ya kumaliza tiba. Jambo lenyewe ni kuungua kwa ngozi.

Mgonjwa wa kansa ya koo mara nyingi hupewa tiba mbili kwa pamoja: mionzi siku 5 kwa juma, kwa muda wa majuma 6 au 7, na dawa kama sisplatini inayopitishwa kwenye mshipa. Dawa hiyo huifanya mionzi iwe na nguvu zaidi juu ya kansa. Lakini mionzi hupita kwenye ngozi ya shingo, nayo huumia. Kiasi cha juma la pili au la tatu ngozi huanza kuwasha na kukauka. Baadaye yaweza kuchubuka na kutoa majimaji.

Nilimuuguza kaka yangu katika tiba hiyo, na hakuna aliyetueleza haya. Shingo yake ilipogeuka nyeusi, mmoja akamwambia asioge kabisa, mwingine akamletea dawa ya majani apake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alifunga mzigo wake akarudi kijijini, akisema anachomwa bure.

Huyo ndiye ninayemsikitikia. Ngozi ya namna hiyo kwa kawaida hupona katika majuma machache baada ya tiba kwisha, lakini kansa ya koo iliyokatiziwa tiba hupata nafasi ya kukua upya. Vidonda vikizidi, daktari aweza kuamua kuipumzisha tiba. Uamuzi huo si wa jirani wala wa ndugu.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu huo kwa urahisi, huzidi weusi. Kwa hiyo mwuguzi asitazame tu, bali aguse kama pana joto na amwulize mgonjwa anavyojisikia.

Mambo ya kufuata si magumu. Mgonjwa aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ajikaushe polepole bila kusugua. Avae nguo laini ya pamba isiyobana shingo, ajikinge na jua, asinyoe kwa wembe mahali pale, na asipake kitu chochote bila kuuliza. Ngozi ikichubuka aseme siku hiyo hiyo. Akipata homa asingoje kesho, kwani dawa hizo zaweza kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu.

Nawaomba wahusika katika hospitali zetu wawaeleze wagonjwa na wauguzaji wao haya yote kwa Kiswahili kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, na wawape karatasi ya kwenda nayo nyumbani. Mashine na dawa ni ghali sana. Karatasi moja ni ya bei ndogo tu, nayo yaweza kumzuia mtu asiikimbie tiba ya kumwokoa.

Msomaji,
Morogoro.