Maua ya Juani na Miwani ya Kazi



Kuna urembo mmoja unaowapendeza vijana: miwani ambayo fremu yake ina maua au mistari iliyofichika. Ndani ya nyumba fremu ni nyeupe tu. Ukitoka juani, kwa sekunde chache unatokea msalaba wa shaba wa Katanga karibu na sikio, rangi ya zambarau. Ukirudi kivulini, unapotea polepole. Si uchawi. Ni unga wa rangi ambao chembe zake zinafunguka zikipigwa na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile wanayoiita ultravioleti. Miale ikikosekana, chembe zinajifunga tena.

Sisi hatuupingi urembo huo. Tena tuseme wazi jambo ambalo wakubwa wa usalama hawapendi kulisikia: watu wengi hawavai miwani ya kazi kwa sababu ni mibaya. Mtu anaiweka juu ya kofia, kapita akitokea anaishusha machoni, kapita akipita anaipandisha. Mtu hulivaa lile linalomfaa usoni. Kwa hiyo uzuri wa fremu ni jambo la usalama, si mchezo wa watoto.

Fundi mwenye mikono mizuri anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe. Anachukua fremu nene ya asetati, ile plastiki inayotoka katika pamba au miti, anachonga mifereji midogo kwa kisu, anachanganya unga na gundi angavu ya sehemu mbili, anaijaza mifereji, anangoja ikauke kabisa, halafu anapiga msasa na kung'arisha. Avae glavu, maana gundi hiyo ikiwa mbichi inaleta vipele vya ngozi. Unga wenyewe usivutwe puani. Na juu yake asipake verni ya kuzuia jua, kwani miale haitapita na maua hayataamka kamwe. Hata hivyo, baada ya kukaa juani siku nyingi sana, rangi inachoka na kubaki imefifia. Anayeuza amwambie mnunuzi ukweli huo.

Hiyo ni miwani ya sokoni na ya siku ya yenga. Hapa ndipo tunapogombana.

Usiyapake maua hayo juu ya miwani uliyopewa kazini. Kioo chake si kioo, ni plastiki ngumu ya polikarbonati, na mara nyingine fremu nayo ni ya plastiki hiyo hiyo. Polikarbonati inastahimili pigo, lakini inaogopa dawa za kuyeyusha rangi. Asetoni, dawa ya kupunguza rangi, hata verni ya kucha ya dada yako iliyotiwa unga huo: vyote vinaiingia. Siku ya kwanza huoni kitu. Baadaye zinatokea nyufa nyembamba kama nywele, hasa kwenye bawaba na pembeni mwa kioo, mahali plastiki inapovutwa. Miwani nyingi za kazi zina herufi F pamoja na namba EN 166. Maana yake zimepigwa kwa risasi ya chuma ya milimeta 6 iendayo meta 45 kwa sekunde, nazo hazikuvunjika. Ile iliyopakwa verni haijajaribiwa na mtu yeyote. Itajaribiwa na jiwe la kunoa la umeme, mbele ya jicho lako. Na kama rangi imeifunika herufi, hata mtunza magazini hataweza kujua alikupa kitu gani.

Wasudere wasikilize zaidi. Moto wa kuunga vyuma unatoa ultravioleti nyingi, basi ukiukaribia na fremu hiyo, maua yanaamka vizuri sana. Usifikiri kwamba miwani inafanya kazi. Ua linakuonyesha tu kwamba miale imefika usoni pako, halizuii hata moja. Usiku, saa sita au zaidi baada ya kazi, macho yanawaka kama yamejaa mchanga, na mke anakesha akikuwekea vitambaa vya maji baridi. Kazi hiyo inataka kinyago chenye kioo cheusi, namba 10 hadi 13 kufuatana na nguvu ya umeme.

Kuna pia miwani ambayo kioo chenyewe kinakuwa cheusi juani. Nyumbani ni mizuri. Lakini mtu anayetoka kwenye jua kali na kuingia shimoni anabaki na kioo cheusi kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo gari linapopita. Dereva naye asiitegemee: kioo cha mbele cha gari kinazuia sehemu kubwa ya ultravioleti, basi miwani yake inabaki myeupe huku jua likimchoma.

Wazazi, kama mtoto anayo fremu ya namna hii, mpeni mchezo: aiweke dirishani, kisha nje, kisha chini ya mwembe siku ya mawingu. Ataona maua yakiamka hata pasipo jua wazi. Huku kwetu Lubumbashi na Kolwezi tuko juu ya meta elfu moja, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi.

Kwa wakubwa wanaonunua vifaa tuna ombi moja. Viwanda vinatengeneza miwani ya kazi yenye herufi F katika fremu za rangi na maumbo mengi. Leteni aina tatu au nne, wekeni juu ya meza ya magazini, kila mtu achague yake mbele ya kioo cha kujitazamia. Anayetaka urembo zaidi apambe kamba ya shingoni kwa unga wa juani apendavyo, mradi asiikaribishe kwenye mashine izungukayo. Na wale ambao tayari wameipaka miwani yao wairudishe magazini wiki hii wapewe nyingine, bila kukatwa franka hata moja. Mtu akiogopa kukatwa mshahara, ataificha na kuendelea kuivaa.