Klipu ya nyuma ya kamera imeshapostiwa, hela ya mama mwenye uwanja je?

Klipu yenyewe ni ya sekunde thelathini tu. Vijana wako juu ya jiwe kubwa huko Singida, jua linazama nyuma yao, mmoja kashika kamera, mwingine kanyanyua maiki kama mkuki, dada wa mekapu anakata mauno. Chini yake watu wanamwaga moto: mnaishi ndoto, Bongo Movie imebadilika, nichukueni hata nibebe waya. Raha tupu.

Sasa geuza kamera kidogo. Pembeni ya lile jiwe kuna nyumba, mbele ya nyumba kuna uwanja, na kwenye uwanja kuna mama ambaye hayumo kwenye klipu. Stori yenyewe iko kwake.

Majina yakae pembeni, maana hii siyo stori ya kikosi kimoja. Ni ya vikosi vingi vidogo vya filamu vinavyotoka mjini na kamera ya kuazima, skripti iliyokunjwa mfukoni na moyo mkubwa kuliko pochi. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kwanza wapewe haki yao, kazi wanaipiga. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni kama kilomita 700. Ndiyo, tangu mwaka 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, lakini ukishuka pale na mataa, stendi na masanduku ya vifaa, bado una kilomita kama 240 za lami mbele yako. Watu tisa, vyumba viwili vya gesti. Dairekta ndiye prodyuza, ndiye dereva, na kwenye sini ya sita ndiye mgambo kwa sababu aliyeahidi kuigiza mgambo kazima simu. Mshika maiki analala huku betri zinachajiwa juu ya kichwa chake. Mdhamini hakuna. Kuna michango ya washkaji, na kuna mtu kauza kitu chake nyumbani na hajamwambia mke.

Na kwa nini wateseke hivyo badala ya kurekodia Sinza? Kwa sababu watazamaji wamechoka na sebule. Filamu nyingi za Bongo zimezaliwa na kufa kwenye sofa: mlango unafunguliwa, mtu analia, mlango unafungwa. Singida inampa mpiga picha vitu ambavyo sebule haina. Kuna mawe makubwa yaliyokaa kama yamepangwa na mtu, kuna maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai pale pale mjini, na msimu wa alizeti ukifika mashamba yanageuka njano mpaka macho yanauma. Bongo ikitoka nje ya sebule inaonekana. Vuta N'kuvute ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021, kisha ikapelekwa na Tanzania kuwania Oscar, kitu ambacho nchi haikuwa imekifanya tangu Maangamizi, miaka zaidi ya 20 nyuma.

Kwa hiyo kwenda lokesheni ni akili. Tatizo linaanza wakishafika.

Singida ina upepo. Siyo ule wa kupeperusha nywele kwenye klipu, ni upepo wa kuingia kwenye maiki na kumeza maneno ya mwigizaji. Unaivika maiki manyoya, unaizuia kwa kanga, bado. Sini inarudiwa mara nne, mara saba. Jua nalo likifika utosini linamwaga kivuli machoni mwa mwigizaji, sura inakuwa kama fuvu, hivyo kazi nzuri inafanyika asubuhi na jioni. Katikati hapo watu wanasubiri. Kikosi kinasubiri kwenye kivuli na simu mkononi. Na mwenye uwanja naye anasubiri, ila yeye hakuja kutengeneza filamu. Yeye yuko kwake.

Siku ya kuingia walikwenda kwa heshima zote. Barua ya mtendaji wa kijiji mkononi, shikamoo mama, tunaomba uwanja wako siku mbili. Mama akakubali bila maneno mengi. Akaambiwa, "Tutakuona, mama." Kila Mswahili anajua maana ya kumwona mtu: kuna kitu kitatoka mfukoni. Lakini hakuna aliyetaja kiasi, na hakuna aliyeandika popote.

Siku ya kwanza kuku wakafungiwa ndani, maana jogoo haelewi ukimya wa lokesheni. Vyombo vikahamishwa. Mama akaombwa apite nyuma ya waigizaji na ndoo kichwani, na kanga yake ya bluu, "ili ionekane kijijini kweli". Akapita. Mara saba, kwa sababu ya upepo. Siku ya pili akapika ugali wa watu tisa na kuku wawili, wale waliokuwa wamefungiwa. Kuku wa Singida, wadau, mnaijua sifa yake hadi Dar. Wakala, wakasifia, wakaposti sahani.

Siku ya tatu mama hayupo. Kanga ya bluu haipo. Na sini ya 14 haijaisha, na kwenye nusu iliyokwisha kurekodiwa mama anaonekana na ndoo yake. Bila yeye hainyooki. Dairekta akamfuata shambani.

"Shikamoo mama. Tunakusubiri wewe tu."

"Marahaba mwanangu. Na hawa ndege nao wananisubiri mimi tu niondoke."

Uwele ulikuwa umeanza kukomaa. Kwa asiyejua, uwele ukifika hapo mtu anashinda shambani toka alfajiri akipiga kelele na kurusha mawe, maana kundi la ndege likitua linakula chakula cha mwaka wa nyumba nzima. Mama alikuwa ameshapoteza siku mbili.

"Nusu saa tu, mama."

"Juzi mlisema nusu saa, jua likazama. Nyie mkimaliza mnaondoka na picha yenu. Mimi nikimaliza nabaki na nini?"

Hapo ndipo vikosi vingi vinapokosea. Mtu anarudi kwenye kundi la WhatsApp anaandika kwamba watu wa vijijini ni wagumu, wanapenda hela. Hapana. Mama siyo mgumu. Ni mtu pekee kwenye ile lokesheni aliyejua siku yake ina thamani gani, na aliyelisema hilo kwa sauti.

Utetezi unajulikana. "Sisi wenyewe hatujalipwa." Kweli kabisa. Ila tofauti ipo: kijana wa kamera kajitolea kwa kazi ambayo kesho ataiweka kwenye wasifu wake, ikipata tuzo atapanda, ikifeli kajifunza. Mama hana wasifu wa filamu. Filamu ikipata tuzo, hakuna atakayemtumia tiketi. Yeye anachangia kama mwenye hisa, lakini kwenye mgao hayumo.

Utetezi wa pili: "Bajeti haitoshi kulipa kila mtu, tukifanya hivyo filamu haitatoka." Lakini mbona mafuta ya gari yalilipwa? Gesti ililipwa? Bando la kupostia klipu lililipwa? Kituo cha mafuta hakijazi tangi kwa ahadi ya kuonekana kwenye TV. Hela ilikuwepo kwa kila aliyeweza kukataa. Haikuwepo kwa aliyekaribisha.

Na msijifiche nyuma ya vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, Bodi ya Filamu ipo, kibali kinatafutwa na ni vizuri kitafutwe. Lakini kibali kinakuruhusu kurekodi tu. Hakimlipi mtu mwenye uwanja, na barua ya mtendaji siyo makubaliano kati yako na mama.

Dawa yake wala siyo ya gharama za kutisha. Kabla ya kutoka mjini, tengeni fungu la watu wa lokesheni, na liwe la kwanza kuandikwa, kabla ya mafuta. Taja kiasi siku ya kwanza, hata kama ni kidogo. Mtu akiambiwa kidogo anaweza kukubali au kukataa, lakini akiambiwa "tutakuona" hana cha kukataa. Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kueleweka: siku ngapi, saa ngapi, shilingi ngapi, ikizidi inakuwaje. Lipeni jioni ile ile, siyo filamu ikiuzwa. Ulizeni shamba lina nini msimu huo. Na jina la mama liingie kwenye orodha ya mwisho, jina lake kamili, siyo "shukrani kwa wanakijiji wote".

Mkipuuza, bili inakuja kwa wengine. Kikosi kitakachofuata kitakuta mlango umefungwa, au bei imepandishwa mara tatu kulipia deni lenu. Kijiji hakisahau. Na wewe mtazamaji unayeandika "unyama sana" chini ya klipu kisha unaisubiri filamu ije bure Telegramu, usijitoe. Fungu la mama linaanzia kwenye ile hela uliyokataa kulipa.

Ile sini ya 14 iliisha, kama mnataka kujua. Dairekta alikaa kimya kidogo pale shambani, akauliza siku moja ya kibarua cha kufukuza ndege ni shilingi ngapi. Akatajiwa. Akazidisha mara tatu, akatoa kwenye hela ya mafuta ya kurudia. Za kuku akaongeza jioni. Mshika maiki na dada wa mekapu wakabaki kwenye uwele wakigonga madebe mpaka sauti zikakauka, mama akaenda kupita na ndoo yake. Upepo ulimfanya apite mara tano.

Safari ya kurudi walichangishana mafuta, na wawili walipanda basi. Ile klipu ya mshika maiki akikimbizana na ndege mpaka leo hakuna aliyeiposti.