Jirani ni akiba, lakini ana mipaka

Machi 2015 mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, na kubomoa nyumba nyingi. Katika maafa ya namna hiyo, anayefika kwanza huwa ni jirani.

Wakulima wa pamba na mtama wa Kiloleli, katika mkoa jirani wa Simiyu, wanalifahamu hilo. Upepo ukiezua paa, jirani hutoa mahali pa kulala. Maji yakisomba shamba, hutoa mbegu na kumwazimisha mwenzake plau ili awahi kupanda tena.

Hata hivyo, ukame ni jambo jingine. Upepo huezua nyumba chache. Ukame, kama ule wa 2005/06, hukausha mashamba ya wote, na jirani hubaki hana cha kugawa. Ng'ombe nao huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kila mtu anauza kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, baada ya kila mavuno mazuri, kila kaya iweke japo debe moja la mtama katika ghala la kijiji, na daftari lisomwe mkutanoni. Wema wa jirani nao unahitaji akiba.